Mkubwa Hasalimiwi Juu ya Baiskeli

Siku Mzee Stempu alipostaafu kazi ya kupeleka barua, wenzake wa posta walimpa saa ya ukutani na kumwambia akapumzike. Akapumzika Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi akaanza kupeleka vitu humo humo ndani ya nyumba. Alichukua kijiko jikoni, akakileta sebuleni, akabisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi, akamkabidhi mkewe, kisha akabaki amesimama wima kama mtu anayesubiri atiliwe sahihi.

Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pacha kwa sababu ya mabinti wao wawili waliozaliwa siku moja na kuolewa mwezi mmoja, alivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili alifungua kabati akakuta vikombe vimepangwa kwa kufuata umbali kutoka mlangoni, cha karibu mbele, cha mbali nyuma. Akamwambia mumewe kwa upole kwamba ndoa yao imedumu vizuri miaka yote kwa sababu mmoja wao alikuwa hayupo.

Wala hakuwa anatia chumvi. Kwa miaka thelathini na mmoja mzee yule alikuwa akishinda posta akipanga barua, na mara mbili kwa wiki akitoka na baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama mkosi, mfuko wa barua umefungwa kwenye karia kwa mpira. Njia yake ilikuwa ya kilomita sitini na nne. Unatoka posta, unapita tambarare ya mashamba, unaupanda mlima kwa barabara inayojikunja na kujikunjua kama nyoka mwenye maumivu ya tumbo, unafika mgongoni ambako ukungu huchelewa kuamka, halafu unateremka upande wa pili mpaka ziwani, unalizunguka ziwa nusu, unarudi mjini kwa barabara ya chini. Wanaoujua mlima ule wanasema punda akifika katikati husimama, akageuka, akamtazama mwenyewe usoni.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na siri ya Mzee Stempu. Mwaka ule alioajiriwa, akiwa bado mchumba, alikwenda ukweni kujitambulisha. Shemeji mmoja akamuuliza mbele ya watu: na mlima ule, na baiskeli ile, unafanyaje? Akajibu neno moja tu: "Naupanda." Na ni kweli alikuwa anaupanda. Ila alikuwa anaupanda kwa miguu, baiskeli akiikokota pembeni kama ng'ombe wa mnada. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akamwongezea kipande cha nyama. Na wewe niambie, kipande cha nyama kikishatua kwenye sahani yako ukweni, utaanza kujisahihisha?

Tangu siku ile neno lile likaumuka kama unga uliotiwa hamira. Shemeji akaongeza kwamba hashuki hata mara moja. Mjomba akaongeza kwamba hupiga mluzi njia nzima. Kwenye harusi ya pacha wa kwanza, mshereheshaji alimshauri bwana harusi aishike ndoa kama baba mkwe wake alivyoushika mlima, bila kushuka. Kwenye harusi ya pacha wa pili wakarudia maneno yale yale, kwa kuwa mara ya kwanza yalipendeza. Mzee Stempu alikuwa meza ya mbele mara zote mbili, akiichunguza sahani yake kama anayetafuta anwani.

Kilichomponza ni jino, tena si lake. Mama Pacha alikwenda kung'olewa gego la chini. Daktari wa meno wa pale mjini ni mama wa makamo mwenye mikono midogo yenye nguvu za koleo, na ana tabia ya kupiga soga na wagonjwa wakati wao hawana uwezo wa kujibu. Yeye pia ni katibu wa klabu ya waendesha baiskeli. Akawa anamsimulia Mama Pacha, aliyekuwa amejaa pamba na ganzi, kwamba wanaklabu wamechoka kuzunguka uwanja wa mpira kama nzi kwenye kifuniko. Wanataka njia ndefu, yenye mlima na ziwa, lakini hawana mtu wa kuwaongoza. Mama Pacha akainua kidole kama mwanafunzi. Kwa mdomo uliolala upande mmoja akasema, "Wuwe wangu."

Daktari wa meno huielewa lugha hiyo kama sisi wengine tunavyoelewa taarifa ya habari. Akatoa pamba, akasikiliza. Mama Pacha akamwaga yote: miaka thelathini na mmoja, kutoshuka hata mara moja, mluzi, harusi mbili. Alitoka mle ndani bila gego lakini amejaa fahari, akamfikishia mumewe habari njema wakati mzee yuko katikati ya kikombe cha chai. Chai ikapitia puani.

Alhamisi ya wiki ile ile wageni wakaja nyumbani, daktari mwenyewe na mwanachama mwenzake, bwana mmoja mrefu mkavu ambaye kazi yake ni kupima ardhi. Mpima alitandika ramani juu ya meza ya sebuleni, akaishikiza pembe zake kwa vikombe, akanoa penseli. Alitaka kujua mambo yote kwa tarakimu. Mzee Stempu naye aliijua njia nzima kwa moyo, ila hakuwa na tarakimu hata moja.

"Kuanzia hapa mpaka hapa, mzee, mwinuko wake ukoje?" mpima akauliza, kidole kwenye ramani.

"Hapo kuna mbwa wawili," akasema Mzee Stempu. "Wa kwanza anabweka tu. Wa pili habweki."

Mpima akaandika: mbwa wawili. Akafuta. Akafikiri kidogo, akaandika tena, safari hii akakoleza.

Ikawa hivyo mpaka ramani ikajaa. Kona ya seremala mstaafu, ambapo upepo hukupiga kifuani. Daraja la mbao ambalo lazima upige kengele, la sivyo mbuzi waliolala chini yake watatoka wote kwa pamoja. Nyumba ya mwalimu mwenye mabinti saba, ambapo wapita njia wengi hupata pancha zisizoeleweka. Daktari alifurahi mpaka akasahau kunywa chai yake. Akasema hiyo ndiyo njia wanayoitaka, na Jumamosi ya wiki inayofuata mzee atawatangulia, klabu nzima imfuate. Mzee Stempu akashika goti la kulia, akaanza kueleza historia yake. Mama Pacha akamkatiza kwa tabasamu, akawaambia wageni wasijali, goti hilo hilo juzi lilipanda juu ya bati kuzibua mfereji.

Siku tisa zilizofuata mzee yule alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alfajiri moja alichukua baiskeli, akaenda kwenye kilima kidogo nyuma ya soko, akasema ngoja nijaribu, huenda miaka yote hii nilikuwa najidharau bure. Akapita nguzo ya umeme ya kwanza vizuri. Kwenye ya pili macho yakaanza kuona vitu ambavyo havipo. Kwenye ya tatu mapafu yakafunga duka. Akarudi akikokota.

Akajaribu ujanja. Alilifungua tandiko la baiskeli, akalificha chini ya gunia la mkaa, kisha akamwendea mkewe na uso wa msiba: limeibiwa. Kesho yake Mama Pacha akamletea tandiko jipya lenye springi, laini kuliko kiti cha sebuleni. Akajifanya ana mafua. Akanyweshwa tangawizi ya moto siku tatu mfululizo, akapata afya ya kutisha. Ijumaa jioni alikuwa na mwili mzuri kuliko alivyowahi kuwa nao tangu ujana, na moyo mzito kuliko baiskeli yake.

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, walikuwa kumi na mmoja mbele ya posta. Walivaa nguo za kubana zenye rangi za kasuku, na kaptula zilizoshonewa kigodoro makalioni, ambacho Mama Pacha alikikagua kwa macho, mmoja baada ya mwingine. Baiskeli zao zilikuwa nyembamba kama mifupa ya samaki, moja unaiinua kwa vidole viwili. Viatu vyao vilikuwa na chuma chini, vinanasa kwenye pedali na kutoa mlio kama mtego wa panya. Mwenye bucha wa sokoni, mtu mwenye mwili wa kutosha watu wawili na nafasi ya kubakiza, alikuwa mwanachama mpya. Yeye ndiye aliyetoa pikapu ya kubebea maji na ndizi. Mkewe aliiendesha, na Mama Pacha akaketi mbele pembeni yake kama mgeni rasmi. Mzee Stempu alivaa koti lake la posta, akafunga vifungo vyote.

Tambarare waliimaliza bila shida. Mzee alitangulia, baiskeli yake ikilia kiii-kwaa, kiii-kwaa, na nyuma yake wale kumi na mmoja wakiteleza kimya kama samaki. Pikapu ilibaki nyuma, kwa sababu Mama Pacha aliona mahali wanauza ndoo kwa bei nzuri. Mlima haukuwa na haraka. Ulikuwa umekaa palepale ukiwasubiri.

Barabara ikainuka. Mzee Stempu akanyanyuka kwenye tandiko, akakanyaga mara kumi, mara kumi na tano. Jasho likaingia machoni. Nyuma yake alisikia pumzi za watu kumi na mmoja, lakini kwa hofu aliyokuwa nayo alidhani ni upepo. Kona ya kwanza ikatokea, na pale kwenye kona, mlangoni kwake, seremala mstaafu alikuwa ameketi akipiga msasa mguu wa kigoda. Mzee Stempu hakupanga alichofanya. Miguu yenyewe ndiyo iliyoamua. Ilimshusha chini.

Akaiegemeza baiskeli, akavua kofia, akaenda kumpa seremala shikamoo. Wenzake wakapunguza mwendo, wakawa wanayumbayumba barabarani bila kujua la kufanya. Mzee akageuka, akawatazama kwa uso wa mtu aliyekerwa kidogo na malezi ya siku hizi.

"Huku mlimani," akasema, "mkubwa hasalimiwi juu ya baiskeli."

Viatu kumi na moja vya kulia vikafyatuka kwenye pedali, ta-ta-ta, kisha vya kushoto. Wakajipanga. Shikamoo kumi na mbili, marahaba kumi na mbili. Na salamu za mlimani si za kumtupia mtu kama mfupa. Seremala alitaka kujua kila mmoja ni wa nani, ametoka wapi, na kama hizo nguo ni za hospitali. Mzee Stempu aliuliza habari za mgongo, za paa, za shemeji aliyeondoka na randa na hajairudisha. Robo saa ikapita, na pumzi ya kila mtu ikarudi mahali pake.

Walipoaga, mpima akaikimbilia baiskeli yake. Mzee akamzuia. Akaeleza kwamba haifai kurukia baiskeli mbele ya macho ya mtu mzima uliyetoka kumsalimia, ni kama kumwambia umeshamchoka. Inabidi uikokote mpaka usionekane. Wakakokota, wakapita kona, wakafika mahali ambapo seremala hawaoni tena. Hapo hapo ilikuwa nyumba ya pili.

Barabara ile ina nyumba kumi na saba mpaka juu, na Mzee Stempu hakuwahi kuzipenda kama alivyozipenda siku ile. Alishuka kwa fundi saa, akashuka kwa mkunga, akashuka kwa mwalimu mwenye mabinti saba, ambaye sasa amebaki na wawili na amenunua pampu. Kwenye nyumba ya tisa mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli lenye kutu. Mzee akabisha hodi, akasubiri, akabisha tena kwa sauti ya heshima zaidi. Kumi na mmoja wakasimama nyuma yake wameinamisha vichwa. Jirani akapita na mzigo wa majani, akawaambia mwenye nyumba alihama miaka minne iliyopita. Mzee akajibu kwamba hata hivyo si vizuri kupita kama mwizi.

Mpima peke yake ndiye aliyekuwa anaungua rohoni. Kwenye usukani wake alikuwa na kimashine cha kupima mwendo, na kila wakisimama muda mrefu kinajizima chenyewe, kikiamini mwenyewe amekata tamaa ya maisha. Wengine hawakulalamika. Daktari wa meno alikuwa ameshakagua midomo mitatu na kutoa miadi miwili. Mwenye bucha, ambaye uso wake ulikuwa umefikia rangi ya maini, kila wakiondoka kwenye nyumba moja alimsogelea mzee na kumuuliza kwa shauku kubwa kama nyumba inayofuata nayo ina mtu mzima.

Walifika mgongoni mwa mlima saa saba mchana. Ukungu ulikuwa umeondoka, upepo unafyonza jasho, na pale juu kabisa, kwenye kibanda chenye dimbwi mbele, anaishi bibi mmoja anayefuga bata. Ni mfupi, umri wake umepita themanini, na ulimi wake haujawahi kuvaa viatu. Kwa miaka mingi Mzee Stempu ndiye aliyemletea barua za kaka yake, na ndiye aliyemsomea. Pikapu nayo, ikiwa na ndoo mbili mpya nyuma, ilikuwa inaimalizia kona ya mwisho wakati msafara unajipanga mbele ya kibanda, kila mtu ameshika baiskeli yake mkononi. Mama Pacha akashuka, akasogea kusikiliza jinsi mumewe anavyopokewa.

Bibi akapokea shikamoo zote. Akamtazama Mzee Stempu, akaitazama ile baiskeli nyeusi, akacheka mpaka bata wakasogea mbali.

"Bado unaikokota?" akauliza. "Miaka thelathini na kitu sijawahi kukuona umeikalia ukija huku. Nilikuwa najiuliza kwa nini posta hawakukupa toroli."

Kimashine cha mpima kikalia pii, kikajizima. Mzee Stempu akapapasa mifuko yote ya koti kama mtu aliyepoteza barua. Mama Pacha akamwendea mumewe, akasimama karibu kabisa, kama vile anataka kusoma maandishi madogo usoni kwake.

"Baba Pacha. Ni kweli?"

"Mimi nilisema naupanda," akajibu kwa sauti ya chini. "Sikusema nimekaa."

Mama Pacha akarudi kwenye pikapu, akaingia, akafunga mlango. Baada ya muda akaufungua, akatoa kichwa, akaanza kuorodhesha. Kwamba habari ile aliisema kwenye harusi mbili. Kwamba aliwasimanga nayo dada zake wote, hasa yule mkubwa, ambaye mumewe anashindwa hata ngazi. Kwamba juzi juzi aliisema akiwa na ganzi na damu mdomoni. Akafunga mlango tena. Mke wa mwenye bucha alimpa ndizi. Akaikataa, kisha akaichukua.

Aliyeokoa hali alikuwa mwenye bucha. Alijikohoza, akasema kwamba kama mzee angepanda kweli, yeye leo watu wangekuwa wanambeba. Alikuwa amepanga kujiangusha makusudi kwenye kona ya pili. Daktari wa meno naye akakiri kwamba usiku wa kuamkia safari hakulala kwa kuuogopa mlima, na seremala alipotokea pale mlangoni nusura ambusu. Mmoja baada ya mwingine wakafunguka, mpaka ikaonekana kwamba klabu nzima ya waendesha baiskeli iliupanda mlima ikimwombea mzee yule aendelee kuwa na heshima.

Ni mpima tu aliyekataa kuungama. Akasema yeye anaupanda, na atawaonyesha. Akashuka na baiskeli mpaka kona ya mwisho, akageuza, akaja akikanyaga, shingo imetoka mishipa, kamasi zinamtangulia. Na alifika, tusimnyime haki yake. Alifika mpaka mbele ya dimbwi, akasimama ili apigiwe makofi, na hapo akakumbuka kwamba viatu bado vimenasa. Hakuanguka kwa kishindo. Alilala taratibu kwa ubavu, kama mlango uliolegea bawaba, mikono imeshika usukani, macho yamewatazama watu wote mmoja mmoja njiani, mpaka dimbwi la bata likampokea. Bibi akamwambia Mzee Stempu kwamba angalau yeye baiskeli yake ilikuwa imesimama.

Ndani ya pikapu kikasikika kicheko. Kilianza kidogo, kikazuiwa, kikatoroka. Mama Pacha akatoka anajifuta macho kwa pembe ya kanga. Hakumwangalia mumewe moja kwa moja. Akauzunguka uzio wa kibanda, akafika ukingoni, mahali barabara inapoanza kuteremka upande wa pili. Hakuwahi kufika pale maishani mwake.

Chini kabisa lilikuwa ziwa. Lilitandazwa kati ya vilima kama shuka iliyoanikwa chini na kushikizwa kwa mawe, bluu upande mmoja, kijivu upande wa pili mahali kivuli cha wingu kilipokuwa kinapita taratibu bila kulikunja. Barabara ilikwenda huko kwa mikunjo mirefu, inapotea nyuma ya mashamba, inatokea tena ikiwa nyembamba zaidi, mpaka mwisho ikawa uzi uliogusa maji. Mama Pacha alisimama pale kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama mahali bila kuosha kitu.

Akamuuliza mumewe kama na hapa pia alikuwa anakokota.

Mzee akasema hapana. Hapa alikuwa anakaa.

"Basi nionyeshe hapa," akasema. Ile ndoo mpya aliyokuwa ametoka nayo kwenye pikapu akampa mke wa mwenye bucha, akaenda akakaa kwenye karia kiubavu, miguu upande mmoja, mkono mmoja umeshika lile tandiko jipya la springi.

Daktari akataka kuleta kofia ngumu. Ililetwa, ikakaa juu ya kilemba kama kikombe juu ya mto. Mzee Stempu akafungua kifungo cha juu cha koti, akaisukuma baiskeli kwa mguu mara mbili, wakaondoka.

Walioona siku ile wanasema hawajawahi kuona kitu kama kile. Uzito ule ule uliomnyanyasa mzee upande wa kupanda ulikuwa sasa farasi wake. Baiskeli nyembamba za wenzake zilitetemeka kwenye kona. Ya kwake ilitulia kama kabati. Alilijua kila shimo, na hata yale ambayo lami mpya ilikuwa imeyaziba aliyakwepa kwa mazoea, na wote nyuma yake wakayakwepa pia, mstari mzima ukipinda kukwepa mashimo ambayo hayapo. Kwenye kila nyumba alipiga kengele mara tatu bila kupunguza mwendo, na watu wakanyoosha mikono madirishani. Baadaye walipomuuliza kwa nini huku wakubwa wanasalimiwa juu ya baiskeli, alisema upande huu walikubaliana kwa kengele tangu mwaka ule breki zilipokatika.

Mama Pacha hakupiga kelele. Alifumba macho kona nne za kwanza. Kona ya tano akafumbua jicho moja. Walipofika mahali barabara inapotoka kati ya mashamba na ziwa linakujia lote kwa mara moja usoni, na harufu ya maji baridi, alifumbua yote mawili, akasahau kushikilia tandiko. Mikono akaiweka mapajani kama mtu aliyekaa kanisani. Kilomita kumi na moja walizimaliza kabla pikapu haijatoka kwenye kona ya tatu.

Chini, ufukweni, mzee aliburuza miguu mpaka baiskeli ikasimama. Hakuthubutu kugeuka. Akasikia mkewe anashuka, anakung'uta nguo, anarekebisha kofia ngumu.

"Mara mbili kwa wiki," akasema Mama Pacha. "Miaka thelathini na mmoja. Na mimi niko nyumbani nakupigia pasi koti."

Mzee akainamisha kichwa. Akasema alidhani hataipenda njia hii.

Njia nzima ya kuzunguka ziwa Mama Pacha hakurudi kwenye pikapu. Alikaa kwenye karia mpaka mjini, akimwelekeza mumewe apite wapi, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwahi kupita.

Klabu ilichapisha karatasi ya njia ile, na ramani nyuma yake. Mpima alitaka iwe na vipimo vya mwinuko. Wakapiga kura, vikashindwa. Wakaandika alivyosema mzee: nyumba kumi na saba, majina ya kazi zao, magonjwa ya kuulizia, mbwa wawili na tabia zao. Muda wa safari, saa tisa. Mpima, kwa hasira, aliipita njia ile peke yake wiki iliyofuata bila kushuka popote. Alitumia saa tatu na dakika kumi, akarudi na soksi moja. Jumatatu yake klabu ikapokea malalamiko kutoka mlimani, yamesainiwa na wakubwa kumi na wanne na alama mbili za dole gumba, kwamba kuna mtu amepita kama amefiwa. Ilibidi arudi kuomba radhi mlango kwa mlango. Kwa mkunga alikaa mpaka jioni, na siku hizi huwa anampitia hata kama hana safari.

Dada mkubwa wa Mama Pacha aliupata ukweli, kama dada wakubwa wanavyoupata kila kitu, akaja siku hiyo hiyo kucheka. Mama Pacha akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama mumewe yule asiyeweza ngazi ameshawahi kumpeleka mahali popote kwa mwendo wa kumtoa machozi. Dada akanywa chai yake, akaomba sukari.

Miezi mitatu baadaye Mama Pacha alijinunulia baiskeli yake mwenyewe, nyekundu, yenye gia saba. Daktari wa meno ndiye aliyemfundisha, kwenye uwanja wa mpira, kwa muda wa majuma matano na vidonda vinne. Sasa Jumamosi mbili kila mwezi anaonekana kwenye barabara ile ya mlima, sketi ameibana kwa vibanio vya nguo, anakanyaga polepole, kengele kwenye usukani. Anafika nyumba ya nne kabla ya kushuka, kwa kuwa wakubwa wa nyumba tatu za kwanza wamemkubalia awasalimu kwa kengele. Mzee Stempu anatembea pembeni yake na baiskeli yake mkononi, anamweleza nani alikuwa anaandikiwa na nani, na barua ipi ilileta ugomvi, na mkewe anamwomba anyamaze kidogo mpaka wapite kona, maana yeye yuko kazini.